Chiriku wa São Tomé

Mgeni afikapo kijijini, wazee humtazama uso, kisha husema, "Huyu ni wa ukoo fulani." Pengine hupata, na pengine hukosea. Wanachuoni wa ndege nao wamekosea vivyo hivyo.

Katika bahari iliyo magharibi ya Afrika kiko kisiwa cha São Tomé. Kilitoka baharini kwa nguvu za volkano, wala hakikuungana na bara kamwe. Katika msitu wake mnene wa kusini-magharibi anaishi ndege wa rangi ya kahawia, mwenye kichwa kikubwa na mdomo mnene sana.

Kila kiumbe hupewa na wanachuoni majina mawili: la kwanza ni la ukoo, na la pili ni lake mwenyewe. Mwaka 1888, huko Lisbon, Bocage aliutazama mdomo wa ndege huyu, akaona wafanana na wa mnana yule mnene wa bara asukaye kiota katika matete. Basi akamtia katika ukoo huo, akamwita Amblyospiza concolor. Concolor maana yake ni mwenye rangi moja. Mwaka 1903 Salvadori alimtoa humo, akampa ukoo wa peke yake, Neospiza.

Ndege huyo hakuonekana tena kwa muda wa miaka mia hivi. Wanachuoni walibishana kama ni mnana au chiriku, na wengi walidhani amekwisha. Hata mwaka 1991 akaonekana msituni, yu hai.

Ndipo zikachunguzwa chembe zake za urithi, ambazo kila mtoto huzipokea kwa wazazi wake. Jawabu likatangazwa mwaka 2017: ndege huyu ni chiriku, mkubwa kupita chiriku wote wa dunia, na jamaa yake wa karibu ni chiriku mdogo aishiye kisiwani humo humo. Sasa huitwa Crithagra concolor. Mdomo ulionyesha kazi yake, yaani kupasua mbegu ngumu. Haukuonyesha wazazi wake.

Kama msitu ule ungalikatwa wote kabla ya kuonekana kwake, huenda ukoo wake usingalijulikana kwa hakika. Hata leo ndege hawa ni wachache mno, na hawapatikani penginepo duniani. Jina lililokosewa huandikwa upya, bali ndege aliyekwisha harudi.