Deni la Binti Aliyetutangulia

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa na Mwenye kutwaa.

Ndugu zangu, Mola amemchukua binti wa mtaa wetu, mwenye miaka 23, miezi minne tu baada ya kuvaa joho la ualimu. Jina silitaji kwa heshima ya wazazi wake. Nilimsomesha chuoni tangu hajui alifu kwa ujiti. (Kwetu chuo ni cha Kurani kwanza, ndipo kikaja chuo kikuu, yeye alivisoma vyote viwili.) Hakuwa mwepesi wa kuhifadhi. Suratul Mulk, yenye aya 30, ilimchukua miezi mingi. Akikwama, hurudi mwanzo, wala haombi kupunguziwa. Na kila likizo aliketi barazani kwao akiwafundisha hesabu watoto wa jirani bila ya ada.

Baada ya maziko, jamaa walianza kuchanga kwa ajili ya hitima kubwa ya arubaini: mbuzi, masufuria ya pilau, mahema. Siharamishi hitima, wazee wetu waliisoma, nami naisoma. Lakini mama yake alinijia na daftari. Marehemu alikuwa ameandika humo deni la shilingi 6,500, alizoazima kwa mwenzake ili akodi joho na kupigisha chapa utafiti wake.

"Maalim, niwapikie watu au nimlipie mwanangu?"

Nikamwambia: deni kwanza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Na Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, mwaka wa 8 Hijria, aliamrisha watu waipikie nyumba ya Jaafar, kwani wenyewe wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeligeuza jambo hili kichwa chini miguu juu: mfiwa ndiye apikaye.

Mjomba wake hakuridhika. "Watu watasema tumemzika kinyonge." Tulizungumza hadi adhana ya isha. Nikamkumbusha Saad bin Ubada, aliyetoa bustani yake sadaka kwa ajili ya mamake aliyefariki, baada ya Mtume kumwambia kuwa itamfaa.

Wachangaji waliporidhia, deni likalipwa, na zilizosalia zikanunua ubao na vitabu vya hesabu, vikawekwa kwenye ile baraza kuwa sadaka yake yenye kuendelea. Hitima tuliisoma msikitini baada ya alasiri, kwa kahawa na tende. Mjomba alikuja, akaketi nyuma.

Ubao upo, mwalimu hayupo. Kina mama, mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne na bado yuko nyumbani, namwomba jioni moja kwa wiki, baina ya alasiri na magharibi. Watoto ni 11, na wakubwa wao wamekwama kwenye kugawanya.