Ulinganifu na samaki mwenye mdomo wa upande

Katika hesabu ulinganifu ni jambo jepesi. Kunja karatasi katikati: nusu moja ikiilalia nyingine bila kuzidi, mstari wa mkunjo ndio mhimili. Wanafunzi wangu wanaiita simetri, kwa Kifaransa cha shule, na mfano wao wa kwanza ni kipepeo.

Wazee walijua zaidi. Kinyago cha Alunga cha Wabembe, kule Fizi, kina nyuso mbili, mbele na nyuma, kila uso na macho yake makubwa. Ukikizunguka, bado kinakutazama.

Lakini mfano ninaoupenda mimi uko ndani ya ziwa letu. Kuna samaki mdogo, Perissodus microlepis, anayeishi kwa kung'oa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda. Aliyepinda kuume anamvamia mwenzake kutoka nyuma, ubavu wa kushoto. Aliyepinda kushoto anakula ubavu wa kuume. Mjapani Michio Hori, aliyewachunguza karibu na Uvira, aliandika mwaka 1993 kwamba makundi hayo mawili hukaribia nusu kwa nusu, mara hili likizidi kidogo, mara lile. Na sababu? Wa kuume wakizidi, samaki wanaowindwa wanakaa macho upande wa kushoto, njo wale wachache wa aina ya pili wanashiba na kuzaa. Miaka ikipita, mizani inageuka. (Kama mdomo unapinda kwa kuzaliwa tu ama kwa mazoea pia, wataalamu wangali wanabishana.)

"Sasa mwalimu, mhimili uko wapi?" wanafunzi waliniuliza. Tulichora ubaoni samaki wawili, mmoja wa kila aina, kama wanavyoonekana kutoka juu, ubavu kwa ubavu. Mstari ukapita kati yao. Samaki mmoja peke yake hana mhimili; wawili wanao.

Naandika haya kwa sababu karibu kila mwaka napata mtoto anayeshika kalamu kwa mkono wa kushoto, na ziko nyumba ambamo mkono ule bado unapigwa. Sisemi juu ya kumpa mzee kitu kwa kushoto, heshima ni heshima. Nasema juu ya kalamu. Mtoto akipigwa anaandika polepole, halafu hainui tena mkono wowote darasani. Mzazi akiniambia mtoto wake hakuumbwa sawa, ninachukua chaki na kumchorea wale samaki wawili.