Weusi Usiokuwa Msiba

Lugha yetu imeutwika weusi shari nyingi, na weupe ikaupa heri. Shangazi yangu wa Kisauni alipoambiwa, baada ya skani, kuwa figo yake ina doa jeusi, hakupata usingizi siku mbili. "Mwanangu, ndiyo saratani hiyo?" aliniuliza.

Ripoti ilikuwa imeandikwa 'anekoiki', yaani kisicho na mwangwi. Mashine ile haitumii nuru. Hupeleka mwilini sauti isiyosikika, yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, kisha hupokea mwangwi wake. Mwangwi mkali huchorwa kwa weupe, hafifu kwa kijivu. Maji matupu, yasiyorudisha kitu, huonekana meusi. Doa la shangazi lilikuwa kifuko cha maji chenye ukuta mwembamba, ambacho aghalabu hakina madhara. Jiwe la figo, linaloweza kumliza mtu mzima, ndilo hung'aa!

Tena weupe wenyewe ni wa kulinganisha. Mpimaji akiongeza nguvu ya kupokea mwangwi, picha nzima hung'aa; ndiyo maana weupe wa ini hupimwa kwa kulitazama pamoja na figo.

Napendekeza basi tuseme 'chenye mwangwi mwingi', 'chenye mwangwi haba', 'kisicho na mwangwi' na 'chenye mwangwi sawa'. (Wanaistilahi watadai neno mojamoja, na walitafute.) Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote: uvimbe wenye mwangwi sawa na ini hujificha ndani yake, jicho lisione jeusi wala jeupe.