Mwamkulu: Gazeti la Bure Linalofungia Karanga

Zanzibar mmeshakwenda mara tatu, Bagamoyo mmeizoea kama sebule yenu, na picha ya Mlima Meru kila mtu anayo kwenye simu. Basi safari hii wewe na mwenzi wako nawapeleka kwingine kabisa: Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Ufukwe hakuna, disko hakuna. Kuna majaruba, ng'ombe, baiskeli na anga kubwa ambalo watu wa mjini tumelisahau. Na kuna habari ya magazeti ya bure. Ndiyo, magazeti! Najua hukutegemea kukutana nayo kwenye ukurasa wa safari, lakini twende taratibu, utaona yanavyoingia.

Reli ya risasi

Mimi na mume wangu tulikwenda kwa treni. Kutoka Tabora unafika Kaliua, hapo njia inachepuka kuelekea Mpanda, kilomita 210 hivi za miombo, vituo vidogo na watoto wanaopunga mikono. Wenye haraka wapande basi, siku hizi lami ipo. Lakini kwa wapendanao nasema treni, maana kwenye treni huna pa kukimbilia: mtazungumza, mtanuna, mtapatana, na bado hamjafika.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili yetu. Waingereza waliitandaza mwishoni mwa miaka ya 1940 wakifuata madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji nao ukabaki. Kichekesho ni kwamba miaka ya 2000 abiria wakawa wanashuka Mpanda na Risasi ya aina nyingine mkononi, lile gazeti la udaku la Global Publishers, pamoja na ndugu zake Uwazi, Amani na Ijumaa. Habari zilikuwa zimeshachacha, lakini nani anajali? Fumanizi la Manzese haliharibiki kwa kulala siku mbili njiani.

Aliyewahi kusafiri na gazeti katika nchi hii anajua sheria yake. Umelinunua stesheni kwa pesa yako, hujafungua hata ukurasa wa pili, jirani anakuomba "huo wa katikati tu". Wa mbele yako anaomba wa michezo. Kufika Kaliua gazeti lako liko vipande sita na limelipiwa na mtu mmoja. Wawili wanaoishi pamoja wana bahati zaidi: mume wangu huanza nyuma kwenye Simba na Yanga, mimi naanza mbele, tunakutana katikati kwenye matangazo ya kazi. Miaka yote hiyo hatujawahi kugombania gazeti. Rimoti ya televisheni ni habari nyingine.

Kwa hiyo gazeti la bure sisi tulikuwa nalo siku nyingi, ila mlipaji alikuwa yule mjinga mmoja kwenye behewa. Wazungu wao walitafuta mlipaji mwingine.

Stockholm, asubuhi moja ya Februari

Tarehe 13 Februari 1995, abiria wa treni za chini ya ardhi mjini Stockholm, Sweden, walikuta gazeti jipya kwenye vituo, linaitwa Metro, halina bei. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Pesa kubwa ya gazeti haitoki kwa msomaji, inatoka kwa mwenye tangazo. Na mwenye tangazo anataka macho mengi, hasa ya vijana wenye mshahara, watu ambao gazeti la kulipia walikuwa hawalinunui tena. Sasa macho hayo yako wapi kila asubuhi? Yamekaa kwenye treni, hayana la kufanya. Basi wape kitu cha kusoma kwa dakika 20 hivi, habari fupifupi, bila maoni marefu, wakishuka wakiache kwenye kiti. Wachuuzi huna, nyumba kwa nyumba hupeleki, waandishi unao wachache.

Ilikuwa si mchezo. Metro likatoka Sweden likafika Prague, Philadelphia, Santiago na Hong Kong. London wakatengeneza la kwao kwa jina hilohilo mwaka 1999, kampuni nyingine kabisa. Mwaka 2006 yakaongezeka mengine mawili ya jioni, thelondonpaper na London Lite, na vijana wa kuyagawa wakawa wamesimama kila kona ya mji, karibu wakusukumie mfukoni.

Nakuletea umbea kidogo, maana gazeti letu ni la mapenzi. Metro la London lina safu iitwayo Rush Hour Crush. Mtu amemuona dada wa koti jekundu kwenye treni ya saa mbili asubuhi, amekosa ujasiri wa kumsalimia, anaandika mistari mitatu: wewe wa koti jekundu, mimi ni yule mwenye mkoba wa kahawia, tunywe kahawa? Anaomba Mungu kesho yake yule dada alichukue gazeti. Sasa nifikirie mimi kwenye daladala la Mbagala, nimebanwa kwapani mwa mtu, mkono mmoja juu umeshika bomba, nitafungulia wapi gazeti?

Hilo si utani tu. Ni sababu mojawapo magazeti ya namna ile hayakuota mizizi kwetu. Gazeti la bure la kila siku linataka abiria wengi wanaopita mlango mmoja, wenye nafasi ya kukunjua karatasi, na wenye maduka wa kutosha kuwalipia wote. Nairobi walijaribu: mwaka 2014 People Daily lilianza kugawiwa bure. Dar es Salaam tulipata vituo vyenye milango na foleni mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni. Lakini kufikia hapo kila abiria alikuwa ameinamisha shingo, kidole gumba kinapanda na kushuka kwenye kioo. Mgeni amefika, chakula kimeshaliwa!

Huko kwa wenyewe nako mambo yalishaharibika. Yale mawili ya jioni ya London yalikufa yote mwaka 2009. Mwaka huohuo, Oktoba, Evening Standard, gazeti lililozaliwa karne ya 19, lilifuta bei ili lisife. Intaneti ikaingia kwenye treni za chini ya ardhi, corona ikawafungia abiria majumbani mwaka 2020, na Septemba 2024 likaacha kutoka kila siku, likabaki la wiki. Metro la Ufaransa liliacha karatasi mwaka 2015. Lile la Sweden, baba yao wote, mwaka 2019. Miaka 24 tu tangu ile asubuhi ya Februari... Simu haikuiba habari peke yake, iliiba zile dakika 20. Na mwenye tangazo hana urafiki na karatasi, alifuata macho yalikokwenda.

Sababu ya nne iko wapi?

Mwamkulu tulifika kwa bodaboda mbili, vumbi hadi kwenye kope. Wenyeji wengi ni Wasukuma waliokuja na mifugo yao, hivyo asubuhi jiandae kuitikia "mwangaluka". Tulikuta mpunga umeshaanza kuvunwa, mwingine umeanikwa kwenye maturubai kando ya njia, na wali tuliokula pale kwa mama lishe, wali wa mpunga wa palepale na kipande cha mgebuka kutoka Ziwa Tanganyika, siufananishi na wa hoteli yoyote.

Baada ya wali, karanga. Mama mmoja, tulimwamkia shikamoo, alikuwa anauza za kukaanga, kila kipimo kimefungwa kwenye karatasi ya gazeti iliyosokotwa vizuri. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Juni 1, 2019, kikaratasi kama hicho kimepanda cheo. Magazeti ya zamani yana soko lake, yanauzwa kwa kilo kama sukari, yanasafiri kuliko yalivyosafiri yakiwa mapya. Nikamaliza karanga, nikanyoosha karatasi. Safu ya mapenzi! Dalili tano za mume anayekuficha jambo. Ya kwanza, simu inalala kifudifudi. Ya pili, anatoka nje kupokea. Ya tatu, amekuwa mkarimu ghafla. Ya nne... imechanika.

Nikamwomba mama nusu ya pili. Akacheka mpaka akashika kiuno, akasema mwanangu, hiyo imeshakwenda na karanga za asubuhi, kamuulize shemeji hapo, si yupo? Shemeji mwenyewe alikuwa ameduwaa na simu yake, anatafuta mtandao, na simu ililala kifudifudi mezani dakika mbili kabla. Jamani.

Jioni ile tuliyazungumza. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tunakaa kochi moja kila mmoja na kioo chake, kila mmoja na habari zake, na bando ambalo kila wiki linakula pesa kuliko gazeti lolote. Bure gani hiyo? Gazeti lilikuwa linatulazimisha kuona kitu ambacho hatukukitafuta, na kumwambia mwenzako "hebu sikia hii". Simu inamletea kila mtu anachokipenda, kimyakimya. Alichokuwa anakificha kilikuwa mkopo aliomchukulia mdogo wake. Hatukumalizana siku ile, ila angalau niliujua kutoka mdomoni mwake.

Wasioililia karatasi

Usidhani Mwamkulu wanalia. Mzee aliyetukaribisha kwake alikuwa na sebule iliyobandikwa magazeti ukuta mzima, sura za mawaziri waliostaafu zinakutazama ukinywa chai. Nilimuuliza kama anayakumbuka magazeti. Anachokumbuka ni kwamba bei ya mpunga ikiandikwa Dar inamfikia imeshabadilika, na leo anapiga simu moja Mpanda mjini anaijua palepale. Mimi sina jibu la kumpinga. Habari za magazeti yeye kazipata redioni miaka mingi, mtangazaji anasoma kurasa za mbele asubuhi na kuzichambua, hadi mwaka 2017 serikali ilipoagiza vituo viishie kwenye vichwa vya habari ili watu wakanunue magazeti. Akanunue wapi, Mwamkulu?

Kwa haki, kuna karatasi za bure zilizowahi kufikiria vijiji. Femina HIP walianzisha Si Mchezo! mwaka 2003 kwa vijana wa vijijini, Kiswahili chepesi, picha za rangi, visa vya watu wa kweli kuhusu mapenzi, ukimwi na maisha. Msomaji halipi. Walilipa wafadhili, Sweden ikiwa mmojawapo. Nchi ileile iliyompa abiria wake gazeti la tangazo la viatu ilisaidia kumpa kijana wa kijijini kwetu gazeti la kondomu na ujasiri. Kati ya hayo mawili mimi nalipenda la pili, ingawa lilikuwa na udhaifu uleule: anayelipa akigeukia kwingine, msomaji hana hata shilingi ya kulishikilia.

Mkienda

Miezi ya Mei hadi Julai ndiyo mizuri, mvua zimekwisha na mavuno yapo. Lala Mpanda mjini, nenda Mwamkulu asubuhi, rudi kabla ya giza. Mkiwa na siku mbili za ziada, Hifadhi ya Taifa ya Katavi iko kusini mwa mji, na kiangazi kikikolea viboko hujazana kwenye madimbwi kama abiria wa Mbagala. Siku za treni zinabadilika, ulizeni stesheni ya Tabora kabla ya kufunga mizigo. Na kwenye treni nunueni gazeti moja tu. Wa kulisoma watapatikana.