Paka wa Kariakoo Walipoanza Kupimwa Damu

Katika Kariakoo ya Dar es Salaam, miaka ya 1980, paka alikuwa na kazi. Soko kuu lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilikuwa na shimoni yake iliyojaa magunia, na maduka ya nafaka ya mitaa ya Swahili na Tandamti yalilaza mchele na maharage usiku kucha. Panya hawakukosekana. Kwa hiyo karibu kila duka lilikuwa na paka wake, aliyelishwa vichwa vya samaki na utumbo wa kuku na kulala juu ya magunia. Alipoanza kukonda, kunywa maji kupita kiasi na kuacha kula, wenye duka walisema kazeeka, wakatafuta mwingine.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyokuwa na uani mpana na paka wa kila rangi. Anamkumbuka jike mmoja mzee aliyeshinda kwenye ndoo ya maji chini ya bomba. Mdomo wake ulinuka kama mkojo. Ukimvuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili na kuiachia, ilibaki imesimama badala ya kurudi mahali pake. Bibi alimtengea uji wa maziwa, akawaambia wajukuu, "Mwacheni apumzike, umri umemfika." Leo daktari yeyote wa wanyama akisimuliwa dalili hizo atazitaja figo kwanza. Wakati ule hakuna mtu pale uani aliyedhani kwamba figo za paka zinaweza kupimwa.

Mbwa walikuwa wachache zaidi. Wakazi wengi wa Kariakoo ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa walikaa zaidi kwenye maghala ya Gerezani na kwenye nyua za Ilala, wakifungwa mchana na kufunguliwa usiku. Walichojulikana nacho kwa upande wa ugonjwa kilikuwa kimoja: kichaa. Siku ya chanjo ilipotangazwa, vijana waliwaburuta kwa kamba hadi ofisi ya kata, bwana mifugo akachoma sindano, akaandika kadi, basi. Kupe walipakwa mafuta ya taa au kuogeshwa kwa maji ya mwarobaini.

Mbwa akiugua kwa ndani, palikuwa na njia moja. Mwenye mbwa alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, akaeleza dalili kaunta, akauziwa oksitetrasaiklini, dawa ileile ya ng'ombe na kuku. Mara nyingine mbwa alipona, na kupona huko ndiko kulikochelewesha mambo. Dawa za jamii hiyo hudhibiti vijidudu vya Ehrlichia, ambavyo huenezwa na kupe wa mbwa na ni vya kawaida sana katika miji ya joto, hivyo aliyekisia aliweza kupatia bila kujua alichotibu. Lakini dawa hiyo haikuwa na msaada kwa figo, kwa kisukari wala kwa ini. Waliojaribu Berenil, dawa ya nagana ya ng'ombe, walicheza na hatari kubwa zaidi: kipimo chake kwa mbwa kina nafasi finyu sana, na kikizidi kidogo dawa yaweza kuharibu ubongo.

Sababu ya kutibu kwa kukisia hivyo haikuwa uvivu wa madaktari. Elimu ya tiba ya wanyama nchini ilijengwa juu ya ng'ombe tangu mwanzo. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki na kuleta njaa. Mwaka 1897 Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar es Salaam, akachungulia damu ya ng'ombe kwa hadubini na kuona vimelea vidogo ambavyo baadaye vilithibitika kuwa vya ndigana kali. Baadaye Mpwapwa ikawa kitovu cha utafiti wa mifugo, na Temeke ikapata maabara kuu ya mifugo. Shahada ya udaktari wa mifugo ilipoanza Morogoro mwaka 1976, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, taifa lilihitaji nyama, maziwa na ngozi. Mwaka 1984 kitivo kilichotoa shahada hiyo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na hesabu ikabaki ileile. Hadubini, kwa hiyo, ilikuwepo mjini kwa karibu karne nzima. Ila damu ya paka wa duka la mchele haikuwa na wa kuipeleka huko.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyofungua mlango. Ajira za serikali zilipungua, na madaktari wakaanza kufungua kliniki zao. Nyingi ziliota upande wa Oysterbay, Msasani na Masaki, karibu na balozi na nyumba za wageni waliokuja na mbwa wao na vitabu vya chanjo vyenye kurasa kibao. Wageni wale waliuliza maswali ambayo Kariakoo haikuwa imezoea kuyauliza: damu yake ikoje, ini linafanya kazi, moyo unapiga vipi? Daktari aliyeulizwa hivyo mara kwa mara alilazimika kununua vifaa. Sheria nazo zikafuata. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la kusajili wataalamu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ikamtambua mnyama kama kiumbe anayeumia. Mwaka 2012 maabara ya Temeke na vituo vya kanda viliunganishwa kuwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Polepole huduma ile ikavuka kurudi katikati ya mji. Mwandishi anakumbuka asubuhi moja katika kliniki ndogo upande wa Upanga, alipoingia mfanyabiashara wa Kariakoo na mbwa wa ghalani aliyetoka damu puani.

"Dokta, huyu hali tangu juzi. Mchome sindano tu nirudi dukani."

"Subiri kidogo, mzee wangu. Nitamchoma sindano ipi kabla sijajua anaumwa nini?"

Daktari alimfunua mbwa mdomo: fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akamtoboa ncha ya sikio, akavuta tone kwenye mrija mwembamba wa kioo usiozidi urefu wa kidole, akauziba upande mmoja na kuuweka kwenye mashine ya kuuzungusha kwa kasi. Baada ya dakika chache damu ilikuwa imejitenga tabaka tatu: nyekundu chini, utepe mwembamba mweupe katikati, maji ya manjano juu. Kwa mbwa mzima, sehemu nyekundu huwa kati ya 37 na 55 katika kila 100. Ya huyu haikufika robo. Tone jingine lilipakwa kwenye kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini ili kuona kama ndani ya chembe nyekundu kuna Babesia, vimelea wenye umbo la tone ambao mara nyingi hukaa wawiliwawili. Hawakuonekana. Zilizoonekana ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na zilikuwa chache mno. Kipimo cha haraka, kinachosomwa kwa mistari kama kile cha malaria, kikathibitisha Ehrlichia. Dawa iliyoandikwa ilikuwa doksisaiklini kwa wiki nne, inayopatikana kwenye duka la dawa za binadamu. Yule mzee aliangalia ule mrija wa damu kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia daktari, kisha akauliza atamrudisha lini mbwa kupimwa tena.

Hiyo ndiyo tiba ya magonjwa ya ndani: kutafuta kwanza, kutibu baadaye. Marekani waliitengea chuo chake cha mabingwa mwaka 1972. Mwaka 1998, mjini Vienna, wataalamu waliunda jumuiya ya kushughulikia figo za paka na mbwa, na utaratibu wao wa kuugawa ugonjwa wa figo katika hatua nne kwa kipimo cha kreatinini unatumika leo duniani kote. Bingwa wa fani hii huanza na maswali. Anakunywa maji kiasi gani? Anakojoa wapi? Mmempa nini nyumbani? Kisha ndipo hufuata damu, mkojo na altrasaundi ya tumbo.

Swali la mwisho lina uzito wa pekee mjini Dar. Panadol ipo kila nyumba, na mtu mwenye huruma humvunjia paka mwenye homa nusu kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama la binadamu. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 yaweza kumuua. Dawa ya kuokoa ipo, asetilsisteini, ileile wanayopewa watu waliokunywa parasetamoli nyingi, lakini lazima iwahi. Wa kuwahiwa vilevile ni paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta. Njia yake ya mkojo imeziba, potasiamu inapanda kwenye damu, na bila kuzibuliwa moyo husimama ndani ya siku mbili tatu.

Yule jike mzee wa Narung'ombe angeishi leo, angepimwa damu na mkojo, angepewa maji chini ya ngozi na chakula chenye fosforasi kidogo, na pengine angeongezewa miezi au miaka. Asingepona, kwa sababu figo zilizokufa hazirudi. Lakini asingekaa na kiu na vidonda mdomoni huku kila mtu akimpisha tu afe.

Hata hivyo kazi bado ni kubwa. Daktari wa kliniki ya kawaida mjini huchanja asubuhi, hufunga uzazi mchana na kutibu figo jioni, peke yake. Kwa tatizo zito, hospitali ya wanyama ya Sokoine iko Morogoro, karibu kilomita 190, safari ngumu kwa mbwa anayetapika. Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya mwaka 2022, na mbwa na paka wake wamekuwa watu wa nyumbani. Mji wa namna hiyo unastahili mabingwa wake wa magonjwa ya ndani, walio karibu na Kariakoo kama walivyo karibu na Masaki, na kwa bei ambayo muuza mchele anaweza kuimudu.

Wakati hilo linasubiriwa, aliye na paka wa miaka 8 au zaidi anaweza kuanza kesho asubuhi. Apime maji anayomtengea na yanayobaki jioni. Paka wa kilo 4 anayemaliza zaidi ya mililita 200 kwa siku, siku kadhaa mfululizo, apelekwe kupimwa damu na mkojo, na mwenyewe aende na orodha ya kila dawa aliyompa nyumbani.