Nani Aliyemvua Buibui?

Ijumaa moja, baada ya sala, nilikuwa nimekaa barazani kwetu Malindi, hatua chache kutoka kwenye msikiti wenye ule mnara wa umbo la pia, nikipitia simu yangu. Boti ya mchana kutoka Dar es Salaam ilikwishafika na wachukuzi walikuwa wakipita na mikokoteni yao. Miongoni mwa niliyotumiwa siku hiyo ilikuwamo video fupi. Msichana anacheza harusini. Amevaa sare, mikono ina piko, kikuba kakipachika kifuani, kichwa ki wazi. Muziki ni wa kizazi kipya, ule wa kasi. Juu yake mtu amepachika sauti ya mawaidha kuhusu stara ya mwanamke.

Sikuitazama mara mbili. Niliandika: "Kizazi hiki kinakwenda wapi? Tuwaombee dua watoto wetu," kisha nikaituma kwenye vikundi vitatu: cha familia, cha niliosoma nao na cha wahadhiri wenzangu. Nilijiona nimefanya jambo la kheri. Ijumaa, si ndiyo siku ya kukumbushana?

Siku ya nne mama aliniita ghorofani. Alikuwa amekaa na jirani yetu wa miaka mingi, mwanamke ambaye tangu utotoni nimezoea kumwita shangazi. Shangazi alikuwa ameinama, ncha ya kanga ameishika mdomoni. Mama hakunikaribisha kukaa.

"Ile video ya harusi uliyoituma, mwenyewe unamjua?"

"Simjui, mama."

"Ni mjukuu wa huyu."

Nilimjua mtoto yule tangu akibebwa mgongoni. Sikumtambua kwa sababu tangu abaleghe sikupata kumwona bila ya buibui. Heshima aliyoishika mbele yangu miaka yote ndiyo iliyonifanya nisimjue.

"Mtoto huyu alikuwa ndani," mama akaendelea, "na wanawake wenziwe, mlango umefungwa. Buibui lake kaliacha mlangoni kama tulivyokuwa tukiyaacha sisi. Hebu niambie, mwanangu, wewe uliyesoma: nani aliyemvua buibui mbele ya wanaume?"

Nina shahada ya uzamivu. Sikuwa na jibu.

Kabla sijaendelea, ndugu msomaji, nikujulishe kwamba naandika haya kwa idhini ya bibi yake na yake mwenyewe, na kwamba nimebadili baadhi ya mambo ili asitambulike. Kumwanika mara moja kulitosha.

Asiye mtu wa visiwani huenda asielewe uzito wa swali la mama. Harusi ya wanawake kwetu ni ukumbi wenye sharia zake. Wanaume hawaingii. Mwanamke aliyejifunika mwaka mzima huko ndiko anakoonyesha nywele zake, dhahabu yake na kiuno chake, na wanaomtazama ni wanawake wenzake. Hapo hapana utovu wa stara. Stara ndiyo iliyoujenga ule ukuta. Simu imekuja kuutoboa, na tundu lake ni dogo kiasi kwamba anayetoboa anaweza kuwa amekaa karibu yako, akitabasamu.

Wako watakaosema kosa ni la muziki. Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini mtu wa Malindi hana haki ya kuusema muziki kana kwamba umetufikia jana. Ni Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye inasimuliwa kuwa alimpeleka Muhammad bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Ni mtaa huu uliolipa jina lake la mitaani kundi la Nadi Ikhwan Safaa, lililoanzishwa mwaka 1905, ambalo wengi huliita Malindi tu. Na ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Bibi yangu alikuwa akitusimulia wazee walioiharamisha santuri barazani, kisha usiku wakasimama chini ya dirisha la jirani kuisikiliza.

Katika nyimbo zilizompa Siti sifa umo mmoja unaojulikana kwa jina la Kijiti. Unahusu kisa cha kweli: mwanamume aliyemuua mwanamke katika usiku wa starehe, akatorokea Bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliotiwa hatiani ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa sababu ndio walioleta ulevi. Muuaji akaenda zake. Miaka inakaribia mia, na kila nikiukumbuka wimbo huo sasa naona aibu. Harusini kwetu palikuwa na mtu aliyerekodi kwa siri, palikuwa na mtu aliyepachika mawaidha, na palikuwa na sisi tuliosambaza. Aliyetiwa hatiani ni msichana aliyecheza. Aliyerekodi hata jina hatumjui, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi Machi 2024 Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar lilimfungia kwa miezi 6 Zuchu, mwana wa Khadija Kopa, mwimbaji mkubwa wa taarab, kwa yaliyotokea katika onyesho lake la Kendwa. Wapo waliounga mkono, wapo waliopinga. Katika vikundi vyangu mjadala ulichukua wiki nzima, na mimi nilikuwa hodari wa kuchangia. Sitaki kuufufua leo. Ninachotaka kusema ni kwamba msanii anapanda jukwaani kwa jina lake, kwa tangazo na kwa kibali, na akikosea anajulikana wa kuulizwa. Mimi niliyerusha video kwa watu wapatao mia mbili sikuwa na jukwaa, wala kibali, wala wa kuniuliza. Nilikuwa na kidole gumba na nia njema.

Nia njema hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kama video ile ingekuja bila ya mawaidha, ningeifuta. Ningeona haya kuonekana nimeituma. Ile sauti ya mawaidha ndiyo iliyonipa ruhusa. Dini niliifanya bahasha, na ndani yake nikatia nyama ya mwenzangu. Na hili si neno langu: Suratul Hujurat, ambayo wengi wetu tuliihifadhi chuoni tukiwa wadogo, inatuamuru tuichunguze habari kabla ya kuifuata, inakataza kupelelezana, na inafananisha kumsengenya mtu na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kuwa anayemsitiri mwenziwe naye Mwenyezi Mungu atamsitiri. Nimeyasikia hayo maisha yangu yote. Sikuyakumbuka kwa muda wa kubonyeza kitufe.

Baadhi ya wasomaji wangu ni watumishi wa umma, na wataniuliza kuhusu sheria. Sheria tunazo. Ipo ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ipo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nilipomshauri shangazi waende kushitaki, hata kama mtuhumiwa mmojawapo ni mimi, alinitazama kwa huruma. "Tukienda, mwanangu, si itabidi tuionyeshe tena?" Kila afisa atakayefungua jalada, kila karani, kila wakili ataitazama. Ushahidi wa kosa ndio kosa lenyewe likirudiwa. Ninyi mnaokaa katika meza hizo, nakuombeni mlifikirie jambo hili: mashitaka ya namna hii yapokewe na wanawake, ndani ya chumba, na kielelezo kionwe na wachache iwezekanavyo. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji mtu mmoja kupanga upya ofisi yake.

Nilirudi katika vile vikundi vitatu. Muda wa kuifuta kwa wote ulikuwa umekwisha. Niliandika kwamba nilikosea, kwamba video ile ilichukuliwa kwa hiana katika harusi ya wanawake, na kwamba namwomba kila aliyenayo aifute. Wengine walijibu kwa alama ya dole gumba. Mmoja akaandika, "Mwalimu, ukweli lazima usemwe." Katika kikundi cha wahadhiri, watu waliobobea katika elimu, hakuna aliyejibu kabisa. Saa moja baadaye mtu akatuma ratiba ya mitihani.

Kisha nikaenda kwa baba wa msichana. Nilimkuta barazani, tukanywa kahawa, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazungusha kikombe mkononi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini iko posa iliyorudishwa kwa ajili ya jambo hili, na walioirudisha hukuwaomba radhi wewe."

Nilikwenda. Sitasimulia tulichozungumza huko, ila posa haikurejea. Msichana alikaa ndani muda mrefu, na masomo yake ya ualimu yalisimama kwa muhula mzima. Nawafundisha wasichana wa rika lake. Kila ninapoingia darasani na kuona kiti kitupu, siulizi tena kwa ukali ule wa zamani.

Sikuandika haya ili tutupe simu. Hata makala hii unaisoma humo, na darasa la msikitini ninalolisikiliza usiku nalo nalipata humo. Naandika kwa sababu zamani mlinzi wa ukuta alikuwa mmoja, mwanamke mtu mzima aliyekaa mlangoni mwa harusi. Siku hizi kila mmoja wetu ni bawabu, wengi hatujui kuwa tumekabidhiwa mlango, na wengine tunaufungua huku tukisoma dua.

Mwezi uliopita palikuwa na harusi nyingine mtaani kwetu. Nilimpeleka mama hadi mlangoni. Alikuwa ameombwa awahi, akapewa kiti na kapu kubwa la ukindu. Kila mwanamke aliyeingia alivua buibui lake, kisha akatia simu yake kapuni, nayo ikafungwa kitambaa chenye jina. Wasichana walinung'unika kidogo, mama akawatania, wakaingia. Ngoma ilipoanza, nyimbo zilikuwa zile zile za kasi.

Nilipomfuata usiku nilimuuliza kama mjukuu wa shangazi alikuja.

"Hakuja," mama akasema. "Kiti chake tulimwekea."