Pangani: Mji wa Mto na Swali la Mtoto

Kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga, pale maji yaliyoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru yanapoingia Bahari ya Hindi, ndipo ulipo mji wa Pangani. Tuliuzuru mwezi wa Mfunguo Sita, sisi wa kamati ya msikiti pamoja na wazazi na wanafunzi wa madrasa, kwa mwaliko wa Maulidi.

Usiku ule ulikuwa wa kheri. Zafa ilipita baina ya nyumba kongwe za mawe, dufu zikilia na udi ukifukizwa. Kisha Barzanji ikasomwa hadi usiku mwingi. Asubuhi tukavuka mto kwa pantoni hadi Bweni, tukapanda kilima, na mji wote ukawa mbele ya macho yetu: mto mpana, minazi, na mabati yaliyoshika kutu.

Pale juu tuliwasimulia watoto habari za Agosti 1888, siku za Idi ya kuchinja, ambapo Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani, aliingia msikitini kwa viatu na mbwa. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza upinzani ulioenea pwani, hata akanyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vita hivyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi. Watoto walisikiliza kwa fahari.

Tuliporudi ng'ambo ya mji tukasimama mbele ya Boma. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake. Tukaeleza kuwa misafara ya bara ilishuka hapa na pembe za ndovu na watumwa. Kwamba mashamba ya miwa ya kando ya mto yalilimwa na watumwa. Na kwamba Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa. Binti mmoja wa miaka tisa akauliza: "Ustadhi, hao waliouza watu walikuwa wakiswali?"

Baadhi ya wazazi walitaka tuharakishe safari. Tulinyamaza kitambo, kisha tukamjibu: "Naam, mwanetu, wengi wao walikuwa wakiswali." Tukamweleza kuwa Surat al-Balad imemsifu amkomboaye mtumwa, na kwamba waliowateka watu huru na kuwauza walikwenda kinyume na dini waliyoifuata. Surat an-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kusimamia haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Dhuluma ya Mjerumani haiifuti dhuluma yetu.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto Pangani. Wasikilize dufu, wavuke mto, wamjue Abushiri; kisha wasimamisheni mbele ya Boma na muwaombee dua wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.